Kiberiti cha Yohana

Nyie mnaoingia klabu ya mazingira mwaka huu, siku mtakayopelekwa kuuona msitu wa kijiji mtapita kwanza kwenye kibao. Kipo pale barabara ya Mishamo inapoachana na njia ya wafuga nyuki. Chini ya kibao kuna kopo la maziwa ya unga limepigiliwa msumari, na ndani ya kopo kuna kiberiti. Najua mtacheka. Wenzenu waliowatangulia nao walicheka. Mmoja aliniuliza, "Mzee Philipo, kiberiti mlangoni mwa msitu? Si sawa na kuweka sumu mlangoni mwa zahanati?" Nikamwambia akae chini. Na nyie kaeni chini.

Mimi ni Philipo. Nilikuwa mlinzi wa msitu huo mpaka moto uliponistaafisha kabla ya umri wangu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute humu maneno ya semina. Vidole vyangu havikunjiki vizuri, kalamu nimeizungushia mpira wa baiskeli ili isiniponyoke. Na jambo jingine mlijue mapema: mimi nataja watu kwa majina. Wengi wameniambia niache, mpaka padri. Sijaacha.

Klabu imeniomba niandike kwa nini jina lililopo kwenye kibao ni lile na siyo lingine. Maana ilikuwa karibu sana liwe lingine.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wenu wa klabu alipata wazo kwamba msitu uwekewe kibao cha kumuenzi kiongozi wa uhifadhi, mtu mmoja aliyeupigania, na wanafunzi ndio wamchague. Wazo zuri. Serikali ya kijiji ikawapa jina kabisa ili wasihangaike: Faustini, mwenyekiti wetu wa zamani. Sasa hivi Faustini ana duka pale Kashaulili mjini, na ukutani kwenye duka lake kuna cheti ndani ya kioo. Cheti kinasema aliongoza kijiji kisicho na moto.

Wanafunzi wakaja kwangu kukusanya habari zake. Wakakaa kwenye benchi langu na sare zao. Kiongozi wao alikuwa binti anaitwa Neema, ana macho ya kuuliza hata akiwa amenyamaza.

"Mzee, tumeambiwa wewe ulifanya kazi chini ya mzee Faustini. Tuambie mazuri yake."

Kuku wakapita, wakarudi.

"Mzee, umetusikia?"

"Nimesikia. Natafuta pa kuanzia."

Sikuanzia kwa Faustini. Nilianzia kwa mwanamke niliyemkamata.

Nilipoingia kazini nilijua jambo moja tu kuhusu moto wa msituni, kwamba ni mbaya. Ndivyo tulivyoambiwa, ndivyo mabango yalivyosema. Basi wiki yangu ya kwanza nazunguka kwa kujidai na panga langu jipya, nikaona moshi. Nikakimbia. Nikamkuta mama mmoja amejifunga kanga kiunoni, anatembea taratibu, anaziwasha nyasi kama mtu anayelisha kuku. Nikasimama mbele yake.

"Mama, uko chini ya ulinzi."

"Chini ya ulinzi wa nani, mwanangu?"

"Wa kijiji!"

"Haya. Ila subiri upande ule uzime kwanza. Ukiuacha hivyo tutakuwa wahalifu wawili."

Nikasubiri. Sijui kwa nini nilisubiri, lakini nilisubiri, na alinituma nikate tawi nikakata. Moto ulipozima nikampeleka ofisini kifua mbele. Njiani ananiuliza kama nimekula. Faustini ndiye aliyekuwa mezani. Alipotuona aliweka kikombe cha chai chini, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Philipo! Umemkamata mwalimu wako wa kazi! Mama Yohana, msamehe huyu, hata harufu ya msitu bado hana."

Shikeni hapo. Faustini alijua. Siku ile alijua kabisa Mama Yohana ni nani na anafanya nini. Nitawarudisha kwenye neno hilo.

Mama Yohana ni wa Mishamo, makazi ya zamani ya wakimbizi. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa hapahapa, mizinga yake ilianzia upande wa kwao ikaja mpaka upande wetu. Ni raia kama mimi na nyie. Lakini hata leo utamsikia mtu mzima pale Majengo akisema "yule mkimbizi wa nyuki." Mtoto wake wa kwanza ni Yohana, ndiyo maana tukamwita hivyo, na jina lake la ubatizo wengi hawalijui.

Kazi aliyonifundisha ni kuchoma mapema. Sikilizeni, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Msitu wetu wa miyombo una nyasi chini. Masika zinarefuka kumpita mtu. Kiangazi zinakauka, na lazima siku moja zitaungua, iwe kwa mwindaji, kwa mkaa, kwa mrina asali, hata kwa radi. Huchagui kama zitaungua. Unachochagua ni lini. Ukizichoma mwezi wa sita, bado zina maji ndani, moto unatembea chini kwenye vifundo vya miguu, unakula majani makavu na kuacha mti. Ukingoja mwezi wa kumi, moto unapanda mpaka kwenye matawi, unaondoka na maua, nyuki, mizinga, na miche yote iliyokuwa inajaribu kuwa miti. Mama Yohana alikuwa anachoma vipande vipande, hapa leo, kule wiki ijayo, mpaka msitu unakuwa na madoa kama ng'ombe. Moto wa mwezi wa kumi ukija unakuta doa jeusi, unakosa cha kula, unakufa.

Nilimuuliza, "Unajuaje kama nyasi ziko tayari?"

"Shika. Kunja. Zikivunjika kwa mlio, umechelewa. Zikijikunja kama kamba, bado. Zikivunjika kimya, washa."

Vitu vingine nilivijua kwa kukosea. Kwanza, nilikuja kazini na jezi ya mpira, ya nailoni. Akaitazama kwa muda mrefu. "Jezi nzuri. Ni timu gani?" Nikamtajia. "Leo itafungwa," akasema. Cheche ya kwanza iliniyeyushia shimo begani na nailoni ikanishika ngozi kama gundi. Toka siku ile, pamba tu. Pili, nilikuwa nikipiga moto kwa tawi kama napiga nyoka, nainua juu, nashusha kwa nguvu. Kila pigo cheche zinaruka nyuma yangu zinawasha pengine. Yeye anakandamiza. Anaweka tawi bichi juu ya moto, analishikilia kidogo, anainua taratibu. "Unaulaza," anasema. Na unaanza saa za jioni upepo ukishuka, ukichomea kinyume na upepo, ili umande ukija umalizie kazi yako.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nikamuuliza amejulia wapi. Nilidhani ataniambia mambo ya mababu wa Burundi.

"Nilijulia kwenye hasara," akasema. "Misimu ya kwanza mizinga yangu iliungua yote. Mzee mmoja Mkonongo, mwenyeji wa huku, akaniona nalia chini ya mti. Akaniambia, binti, wewe unaukimbia moto ndiyo maana unakukuta. Kesho utangulie. Akanionyesha. Basi."

Na jambo lililonishangaza zaidi siyo moto wake, ni watu. Mama Yohana hakuwa na cheo. Hakuitisha mkutano hata mmoja. Lakini siku ya kuchoma, warina asali, wakata kuni, hata wenye mashamba pembezoni walikuwa wanatoka na matawi yao. Mimi mwenye panga la kijiji nikiwaita hawaji. Nilichunguza sana. Nilichokiona ni kwamba kabla ya kuwasha alipita kila nyumba inayopakana na msitu, akanywa maji ya pale, akauliza wameanika nini nje, mgonjwa yupo, mbuzi wako wapi. Hakuomba ruhusa, hakutoa amri. Alikuwa anataka kujua tu. Mtu akishaulizwa mbuzi wake wako wapi, kesho yake anakuja mwenyewe kuangalia huo moto unakwendaje.

Yohana alikuwa mlinzi mwenzangu. Kijana wa kwaya, shati limepigwa pasi hata siku ya kuingia porini. Nilikuwa namtania, "Mdogo wangu, tembo hawaangalii kola." Naye anajibu, "Kaka Philipo, tembo wanaangalia nani anavuta sigara. Harufu yako wanaisikia Mpanda mjini." Kweli nilikuwa navuta, tena sana. Yeye hakuvuta, hakunywa, na ukimwambia njoo saa fulani unamkuta ameshafika.

Sasa niwape habari ya choo.

Msimu mmoja upepo uligeuka. Mama Yohana alikuwa anachoma ukingo wa karibu na kijiji, na jioni ile upepo ulirudi nyuma kwa ghafla. Moto ukaruka njia, ukashika choo cha nyasi cha mwenyekiti. Faustini alikuwa ndani. Alitoka ameshika suruali kwa mkono mmoja na birika kwa mwingine, mbele ya watu wote waliokuja kuzima. Kwa kweli nyie, mimi sijawahi kuona kijiji kinacheka vile. Wanawake walikaa chini. Mpaka sokoni watu wakikutana wanasalimiana, "Vipi, suruali umefunga?"

Mama Yohana hakucheka. Alikuja kesho yake na Yohana na nguzo, wakajenga choo kipya, kizuri kuliko kile. Alikosea, akalipa kwa mikono. Faustini aliwapa maji ya kunywa, akasema yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kiangazi kilichofuata wakaja wageni wa mazingira, wakasema kuna shindano la vijiji vinavyotunza misitu. Faustini akaitisha mkutano. Akasimama akasema kuanzia leo ni marufuku moto wa aina yoyote, uwe wa mapema au wa kuchelewa. Mama Yohana akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nyasi tutazifanya nini?"

"Nyasi ni mali ya kijiji, mama. Siyo ya Mishamo."

Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka Mama Yohana. Ndipo likaja beseni. Beseni la bluu la plastiki, mezani ofisini. Kila asubuhi walinzi tukitaka kuingia msituni tunaweka viberiti vyetu kwenye beseni. Faustini mwenyewe anasimama anaangalia mifuko. Yohana hakungoja kukaguliwa. Alikuwa anavuta mifuko yake nje, inaning'inia kama masikio ya mbuzi, anatabasamu. "Mwenyekiti, nimeokoka mpaka mifukoni."

Mimi niliweka kimoja kwenye beseni na kingine kwenye soksi. Siyo kwa hekima. Nilitaka kuvuta sigara. Msije mkaniandika mahali kuwa niliona mbele.

Kijiji kikapata cheti. Picha ilipigwa, msitu wa kijani na nyasi ndefu nyuma ya Faustini kama zulia. Ukipita mle ndani hazikuwa za kijani. Juu kijani, chini nyasi za msimu uliopita zimelaliana, kavu, na kwenye mguu unasikia kama unatembea juu ya karatasi. Yohana aliniambia, "Mama hataki hata kuja huku. Anasema msitu umeshikwa na kiu."

Kiangazi cha pili cha marufuku, mwezi wa kumi, mchana, tukaona moshi. Aliyewasha namtaja: Zebedayo, mrina asali. Alipanda mti na kienge chake cha nyasi kuwafukuza nyuki, kienge kikamponyoka. Zebedayo amedondosha vienge toka nilivyomjua. Miaka yote vilianguka kwenye doa jeusi, vikazima, akashuka akaokota. Cheche ilikuwa ileile. Nyasi ndizo zilikuwa mpya.

Tulikwenda mimi na Yohana. Kwenye korongo tukagawana, mimi kushoto, yeye kulia, tuone moto umeanzia wapi. Alivuka korongo anaimba. Upepo ukaamka. Moto niliouona ule siyo ule niliofundishwa. Haukutembea. Ulikuwa unakuja juu ya nyasi, na sauti yake ni kama lori linalopanda mlima.

Alichonifundisha Mama Yohana kwa siku ya namna ile ni hiki: usikimbie mbele ya moto wenye upepo, utakushinda. Washa nyasi zilizo mbele yako, moto wako utakimbizwa na upepo kwenda mbele, wewe ingia kwenye weusi wake. Lala kifudifudi, chimba shimo dogo kwa vidole, weka pua humo. Nikatoa kiberiti kwenye soksi. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka. Nikaingia kwenye weusi bado unachoma viatu, nikalala, nikaweka viganja kisogoni. Nyasi zilikuwa nyingi mno, doa langu lilikuwa dogo. Moto ulipita pembeni na juu. Ulichukua mikono, ukaacha kichwa.

Nilipoweza kusimama nilimwita Yohana. Niliita mpaka sauti ikaisha. Wanakijiji walipofika tulimkuta kwenye korongo, upande wake. Mifuko yake, nawaambia ukweli, ilikuwa bado iko nje.

Alijua kila kitu nilichokijua mimi. Alifundishwa na mama yake toka mtoto. Kiberiti chake kilikuwa kwenye beseni.

Msibani Faustini alisimama akasema ni ajali, ni mipango ya Mungu. Zebedayo alilia mbele ya watu akasema ni mimi, ni kienge changu. Wakamkalia Zebedayo wote. Mpaka leo ukiuliza mtoto wa hapa nani alichoma msitu atakuambia Zebedayo. Hakuna aliyeuliza nani alizikuza zile nyasi. Mimi naandika: Faustini.

Hayo ndiyo niliyowaambia Neema na wenzake kwenye benchi. Halafu Neema akauliza swali ambalo mimi, na kuuliza kwangu kote, sikuwahi kuliuliza.

"Mzee, lakini kwa nini? Kama alijua moto wa mapema ni mzuri, kwa nini aliukataza?"

"Alitaka cheti."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia."

"Basi hujui, mzee."

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Kashaulili. Nilikuwa sijaingia duka lile hata siku moja. Faustini amezeeka, ana miwani. Aliangalia mikono yangu kabla ya uso.

"Philipo. Karibu. Kaa hapo kwenye kreti."

"Sikai. Nimekuja na swali. Watoto wa klabu wanataka kuandika jina lako kwenye msitu."

"Nimesikia."

"Ulijua Mama Yohana yuko sahihi. Siku nilipomkamata ulinicheka. Kwa nini ulikataza?"

Mteja akaingia akataka sabuni, akampa. Mteja akatoka.

"Wageni walitaka kijani," akasema. "Nyasi zilizoungua hazipigiki picha. Ningewaeleza nini, kwamba ule weusi ndio uhifadhi?"

"Ndiyo. Ungewaeleza hivyo hivyo."

"Na kile choo, Philipo." Akavua miwani. "Unakumbuka walivyocheka? Mke wangu alicheka. Watoto wangu walicheka. Mwanamke wa kuja, na kiberiti chake, amenitoa chooni mbele ya kijiji changu. Nikasema, basi, asiwashe tena. Ndiyo hivyo. Ulitaka kujua."

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumsikia akikana. Nilikuwa na maneno makali tayari, nimeyanoa. Sikuwa nimejiandaa kwa suruali.

"Na Yohana?"

"Kila siku namuona amevuta mifuko nje," akasema. "Unafikiri namuona nani?"

Nikamwangalia, nikaangalia cheti. Akaniona naangalia.

"Nikikitoa ukutani watu watauliza kwa nini," akasema.

"Si waulize!"

Akavaa tena miwani. Sikumsamehe, msije mkaandika kwamba nilimsamehe. Niliondoka. Lakini nilirudi na jibu la Neema, na nililitoa kama lilivyo, la picha na la choo. Wanafunzi wakafuta jina la Faustini wao wenyewe. Wakasema basi litakuwa la Mama Yohana, na tukaenda Mishamo wote kumwambia.

Tulimkuta anapepeta maharage. Amekuwa mdogo, lakini sauti ni ileile. Neema akajieleza vizuri, kwa heshima, mambo ya kumuenzi, kibao, wageni, kumvika taji la maua.

"Maua ya nini, mjukuu wangu? Waachieni nyuki."

"Bibi, wewe ndiye uliyeulinda msitu."

"Mnajua kuchoma?"

Wakatazamana. "Hapana, bibi."

"Sasa mnanienzi kwa jambo msilolijua. Mje mwezi wa sita. Mkishajua, tutaongea habari ya kibao."

Nikamuuliza swali langu pale pale, lile nililokaa nalo tangu msiba. Maana baada ya msiba alikaa kwao muda, halafu kiangazi kingine, marufuku ikiwa imekufa yenyewe bila mtu kuitangaza, alirudi na tawi lake. Akaanza kuchomea kwenye korongo, palepale.

"Mama Yohana, uliwezaje kurudi pale?"

"Nyasi hazijui kama nina msiba, Philipo. Zinaota tu."

Mwezi wa sita wakaja, sare wameziacha nyumbani, pamba tupu, hilo nilisimamia mimi. Mmoja alikuja na jezi, nikamrudisha. Mama Yohana aliketi kwenye kigoda na kuwatuma kwanza wapite nyumba za pembezoni wakanywe maji na kuuliza mbuzi wako wapi. Waliona aibu, wakaenda. Waliporudi waliongozana na nusu ya watu wa nyumba zile. Neema akashika nyasi, akakunja, akasikiliza. "Kimya, bibi." Akapewa kiberiti. Njiti mbili zikamzimikia, na Mama Yohana hakumharakisha. Ya tatu ikashika. Moto ukaanza kutembea chini kwa chini, mpole, unanusa huku na kule, nao wakaufuata na matawi yao wanaulaza. Mmoja akapiga kama anapiga nyoka, nikajiona mimi. Umande ulipoanguka doa jeusi lilikuwa limetulia, na miti yote imesimama na majani yake.

Ndipo Mama Yohana akasema habari ya kibao.

"Andikeni Yohana."

Mwalimu akasema, "Mama, sisi tulikusudia wewe."

"Mimi naitwa nani hapa?"

"Mama Yohana."

"Basi mkimwandika yeye na mimi nimo. Na kila atakayeuliza Yohana ni nani, mtalazimika kumweleza. Mkiniandika mimi peke yangu, watasoma watapita."

Siku ya kuzindua kibao wageni walikuja wachache, na taji la maua lilikuwepo, akalitundika kwenye mti. Alikuwa amebeba kopo limefungwa kwenye kanga. Tukadhani ametuletea asali, na mgeni mmoja akaanza kushukuru kabisa. Akalifungua. Ndani kuna kiberiti kimoja. Akanipa nyundo mimi, na vidole vyangu hivi, nipigilie. Nilikosea msumari mara nyingi. Hakuna aliyenisaidia kwa sababu yeye alikuwa ananitazama, na nafikiri ndivyo alivyotaka.

"Anayeingia akichukue," akasema. "Akitoka akirudishe. Asiingie mtu msitu huu mikono mitupu tena."

Basi ndiyo maana. Nyie mkipita pale, mlinzi wenu wa siku hiyo achukue kiberiti, na jioni akirudishe. Ukikuta njiti zimepungua, ongeza. Mvua ikinyesha, angalia kama kifuniko cha kopo kimekaa sawa. Huko ndiko kumuenzi mtu, na hakuhitaji spika wala mahema.

Mimi napita pale mara kwa mara, nainua kifuniko naangalia. Juzi nimekuta viberiti viwili. Nimemuuliza Neema, siyo yeye. Nimemuuliza Zebedayo, akaapa kwamba hashiki kiberiti tangu siku ile. Nimeuliza nyumba zote za pembezoni, nikanywa maji ya kila nyumba. Hakuna anayejua. Hicho cha pili ni kipya, bado kina vumbi la rafu ya duka.

Mnanijua kwa kutaja majina. Hili sijalitaja. Nataka kwanza niendelee kuinua kile kifuniko, nione kama kitakuja cha tatu.